Mpira uko wapi? Wasomaji wanauliza kuhusu utangazaji wa michezo

Nina miaka 22, naishi Mbagala. Kwenye banda umiza la mtaani kwetu runinga huzimwa sauti, natangaza mimi, na watu wanafurahi sana. Baba yangu haoni tena kwa sababu ya presha ya macho. Nikimsikilizisha nilivyorekodi anasema: "Makelele mazuri, lakini mpira uko wapi?" Nakosea wapi?

Mzee ametusaidia kazi. Bandani kila mtu anauona mpira, wewe unaongeza utamu tu. Ukisema "anampasia mwenzake, anarudishiwa, hatari hiyo!", wanacheka na kushangilia. Asiyeona hakupata jina wala mahali.

Kila mpira unapohama anahitaji kujua nani, yuko wapi, anaelekea wapi. Jina litangulie. Ukianza na "pasi ndefu hiyo inakwenda…", mpira utakuwa umeshafika kabla hujamtaja aliyeupiga. Kabla ya filimbi ya kwanza mweleze timu gani imevaa rangi gani na inashambulia kutoka wapi kwenda wapi. Kipindi cha pili wanabadilishana magoli, kwa hiyo rudia. Wengi husahau hapo, na msikilizaji anakaa dakika kumi akidhani timu yake inashambuliwa kumbe inashambulia.

Vipimo vya uwanja vikae kichwani. Uwanja wa mechi za kimataifa kwa kawaida ni mita 105 kwa 68. Nukta ya penalti iko mita 11 kutoka golini, na mstari wa kumi na nane uko mita 16.5. (Kumi na nane ni yadi, jamani. Anayesema "mita 18" amemrudisha mpigaji nyuma mita moja na nusu.) Ukivijua, utasema "mita 25 hivi, upande wa kushoto", badala ya "anapiga kutoka mbaali".

Sasa zoezi, na mzee ndiye mwalimu. Chukua karatasi ya manila, chora uwanja wa sentimita 52 na nusu kwa 34, yaani sentimita moja kwa mita mbili. Gundisha uzi juu ya mistari yote ili vidole vyake viipate. Mpira ni kifuniko cha soda. Tafuta mechi uliyonayo kwenye simu, tangaza dakika tano ukijirekodi kwa simu nyingine, kisha msikilizishe mzee sauti tu, bila picha, naye asogeze kifuniko anavyokusikia. Kila baada ya nusu dakika simamisha, linganisha na picha. Kifuniko kikipishana na mpira kwa zaidi ya sentimita 10, hizo ni mita 20: rudi usikilize. Karibu kila mara utakuta umetaja wachezaji wawili bila mahali, au umeanza kusimulia habari za usajili wakati winga ameshavuka nusu.

Matokeo na dakika nayo yanasahaulika. Mtangazaji wa beseboli wa Marekani, Red Barber, aliweka mezani saa ya mchanga ya dakika 3. Mchanga ukiisha anataja matokeo, anaigeuza. Alamu ya simu ikitetemeka mfukoni inafanya kazi ileile.

Usiridhike na runinga, maana kamera ndiyo inayokuchagulia cha kutazama. Nenda kwenye ndondo, mechi za mtaani, simama nje ya mstari wa pembeni, usawa wa katikati ya uwanja. Namba za jezi zitakuwa zimefutika au zinafanana, kwa hiyo mjue mchezaji kwa mwendo, viatu, nywele. Andika majina kwenye karatasi kwa mpangilio wanavyocheza, golikipa chini, si kwa orodha. Maiki ikae vidole vitatu kutoka mdomoni, pembeni kidogo, vinginevyo kila "p" na "b" itapasuka. Goli likiingia isogeze mbali kabla hujapaza sauti. Sauti iliyopasuka kwenye rekodi hairekebishiki.

Baba ni mtangazaji anayejulikana. Nimeanza kazi hiyohiyo na watu wanasema nabebwa. Nifanyeje?

Watasema tu. Mtangazaji Joe Buck wa Marekani alianza kutangaza mechi za St. Louis Cardinals mwaka 1991, timu ya beseboli ambayo baba yake, Jack Buck, alikuwa sauti yake kwa miaka mingi. Mwaka 1996 akatangaza World Series, yaani fainali za beseboli, akiwa na miaka 27, na maneno hayakukosekana. Mwaka uleule wa 1991 Jack alifunga mechi ya sita ya fainali kwa kuwaambia watazamaji kwamba wataonana kesho usiku, kwenye mechi ya saba. Mwaka 2011, baba akiwa ameshafariki, mechi ya sita ikaisha kwa namna ileile na Joe akasema maneno yaleyale. Ilikubalika kwa sababu ilikuwa mara moja katika miaka 20. Wewe ukiiga sauti ya mzee kila Jumamosi, watasikia mzee. Omba mechi ambazo yeye hatangazi.

Lazima niwe na diploma?

Ukitaka kuajiriwa kama mwandishi wa habari, ndiyo, ya uandishi wa habari. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inadai ithibati pia, yaani kibali rasmi cha kufanya kazi hiyo.

Baba alitangaza mpira redioni miaka ya 1980. Ana kaseti 30 kwenye sanduku hapa Ilala, nyingine zina vumbi jeupe. Nitaziokoaje?

Vumbi jeupe ni ukungu, kwa unyevunyevu wetu wa Pwani. Usizipige, utaueneza hadi kwenye redio na kaseti zilizo safi. Zifunge peke yake, zipeleke kwa fundi anayeweza kusafisha utepe.

Zilizo safi, vunja vijino viwili vya mgongoni ili mtu asirekodi juu yake. Safisha hedi, kile kichuma cha redio kinachosoma utepe, kwa pamba na spiriti. Gurudumu la mpira lifute kwa kitambaa chenye maji kidogo, spiriti hulikausha. Peleka utepe mbele hadi mwisho na kuurudisha mara moja, isipokuwa za dakika 120: ni nyembamba, hujisokota. Sauti ikififia-fifia, tazama kisifongo kidogo nyuma ya utepe. Kikiwa kimeng'oka, hamishia utepe kwenye ganda jingine la kaseti, lile linalofungwa kwa skrubu. Sauti ikiwa nzito bila "s" kusikika, zungusha taratibu skrubu iliyo pembeni ya hedi.

Rekodi kwenye kompyuta kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa, si MP3. Ni kama MB 10 kwa dakika, kaseti ya dakika 60 ni MB 600, zote 30 zinaingia kwenye fleshi ya GB 32. Weka nakala ya pili nyumba nyingine. Kisha kaa na mzee azisikilize, ataje mechi na wachezaji, umrekodi kwenye faili lake peke yake.