Kupiga picha za treni York bila tiketi

Mdogo wangu, umeuliza kama wewe na mwanao mnaweza kuingia kwenye majukwaa ya stesheni huko Uingereza kutazama treni tu, bila safari. Mnaweza, ila stesheni hazifanani.

Anzeni na York, mji wa kaskazini mwa Uingereza. Pale hakuna mageti ya tiketi, mnaingia moja kwa moja hadi chini ya lile paa la chuma lililopinda, la tangu 1877. Treni za London na Edinburgh zinapita hapo hapo, na makumbusho ya taifa ya reli yako jirani. Mimi hupenda kusimama juu ya daraja la waenda kwa miguu: unaiona treni ikiinama na kona ya reli, behewa moja baada ya jingine. Mtoto atafurahi mno.

Penye mageti, mwone mhudumu, msalimie, mweleze shida yako. Wengi hufungua. Akikataa, usibishane naye, stesheni ina msimamizi wake na yeye ndiye mwenye uamuzi. Epuka asubuhi na jioni watu wanapokwenda na kutoka kazini. Kwenye stesheni kubwa zinazosimamiwa na Network Rail, shirika linalomiliki njia za reli huko, pita kwanza mapokezi ujitambulishe.

Flashi zima kabisa, inampumbaza dereva. Kaeni nyuma ya mstari wa njano, mkono wa mtoto usiuachie. Na tafadhali, msivae vizibao vinavyong'aa kama vya mafundi wa reli. Dereva anaweza kudhani ninyi ni wafanyakazi.