Wadogo zangu wa bodaboda, mbio za mjini zitawamaliza

Nimeona nisikae kimya. Kila mwaka watu wakishavuna na kuuza mahindi, vijana wapya wanashuka Mbeya mjini toka Makete, Rungwe, Mbozi, wanachukua piki ya mkataba, yaani ya bosi unayempelekea hela mliyokubaliana, na ndani ya muda mfupi unawaona wanakimbia kama wamefukuzwa na nyuki. Najua presha ilivyo. Sensa ya 2022 imetukuta jijini peke yake zaidi ya watu laki tano, na ukisimama Mwanjelwa asubuhi unaona wote wana haraka, abiria anapanda hata bei hajauliza anasema twende twende. Ila haraka ni ya kwake, shingo ni ya kwako.

1. Hesabu, ile hela ya bosi, itafute asubuhi. Wanafunzi, akina mama wa soko la Soweto, tripu fupi fupi, saa nne haijafika nusu ya hesabu unayo.

2. Usingizi. Hapa someni taratibu jamani. Tulikuwa na dogo mmoja kijiweni, mchapakazi hasa, nilimpenda sana. Mchana piki ya mkataba, usiku anapiga deiwaka, yaani kibarua, kwenye piki ya mtu mwingine anavizia wanaoshuka mabasi ya Dar. Akichoka anagonga enaji, kahawa juu yake. Ukimwambia kalale anakujibu "kaka nikilala na mkataba unalala". Sasa kafeini, ile iliyomo kwenye enaji na kahawa, haiondoi uchovu, inauficha tu, ubongo hausikii kwamba umechoka, na enaji uliyokunywa saa kumi jioni, saa tatu usiku karibu nusu yake bado iko mwilini, kwa hiyo hata hicho kidogo unacholala hulali vizuri. Dogo akaanza kubadilika tukimuona. Anagombana na abiria kwa ajili ya mia mbili, simu ya mama yake inaita anaiangalia tu anairudisha mfukoni, utani wa kijiweni hacheki tena. Asubuhi moja kapakia mama wa parachichi, wanashuka Iwambi, akasinzia. Ukiwa spidi 60 kila sekunde unakata karibu mita 17, sinzia sekunde tatu tu umeshapita mita 50 hakuna anayeendesha, na ule mteremko mnaujua, malori ya Tunduma yanafeli breki pale. Mungu saidia nyuma hakukuwa na lori, wakaishia mtaroni. Dogo mguu, mama mkono. Bosi kachukua piki yake, hela zote za kukesha zikaishia kwenye matibabu. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba kijiweni watu walipiga hesabu ya piki, wakapiga hesabu ya mkataba, yule mama aliyekaa muda wote ule hawezi hata kubeba ndoo hakuna aliyemtaja. Yeye hakuwa na haraka yoyote, alikuwa anawahi soko tu kama siku zote.

3. Juni na Julai vaa glavu, vidole vikifa ganzi breki huishiki.

4. Kofia ya abiria ifungwe mkanda, siyo kuwekwa tu kichwani.

5. Kula umekaa. Wali maharage kwa mama ntilie, siyo karanga juu ya piki huku unaangalia simu. Kuna mzee kijiweni kwetu mchana anazima piki anakula, anapiga stori, anampigia mkewe, na jioni hesabu yake imetimia kama ya nyie mnaolala na kofia kichwani. Mnamuita mzee wa taratibu, muulizeni basi anafanyaje.

6. Siku ya kupumzika iandikwe kwenye mkataba. Ukiomba kabla hujapewa funguo mabosi wengi wanakubali, ukishaanza kazi ndo shida inaanza. Kama kuna mnaosaini wiki hii njooni na karatasi kijiweni tuisome pamoja kabla hamjaweka dole gumba, mimi nipo pale kuanzia saa moja asubuhi.