"Mbona unaniangalia machoni? Usonji gani huo?"

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 31. Mwaka jana mwanasaikolojia alithibitisha kwamba nina usonji. Kuna wahudumu wanaokuja kunisaidia nyumbani, na mmoja wao hasadiki. Huniambia, "Mbona unaniangalia machoni na unaongea vizuri tu? Usonji gani huo?" Juzi nimekuta kaandika kwenye faili langu, "anadai ana usonji". Wakiondoka nalala kutwa. Je, nikapimwe upya? – Nimechoka Kujieleza*

Marahaba, mwanangu. Usiende kupimwa upya. Kumsaidia mtu kupanga siku yake ni kazi ya heshima, lakini haimpi mhudumu mamlaka ya kufuta jibu la mtaalamu.

Kumtazama mtu machoni hakuondoi usonji. Wataalamu huangalia mawasiliano na mahusiano, pamoja na mienendo ya kujirudia, kushikilia ratiba na hisi zilizozidi au kupungua, tena tangu utotoni. DSM-5, mwongozo wa Marekani ambao wataalamu hutumia kutambua hali za akili, uliotoka 2013, unatamka kwamba dalili zinaweza kufunikwa na mbinu ambazo mtu amejifunza ukubwani. Mhudumu wako anaiona ile saa uliyojikaza. Kulala kutwa hakuoni.

Kwa hiyo acha kubishana naye kwa mdomo. Suala hili lihamie kwenye karatasi. Omba nakala ya faili lako, uinukuu sentensi ile neno kwa neno pamoja na tarehe yake. Kisha toa kivuli cha ukurasa mmoja tu wa ripoti yako, ule wenye hitimisho, tarehe, jina na sahihi ya mtaalamu. Ripoti nzima usiitoe: ina habari za utoto wako na za kwenu ambazo hazimhusu mtu wa zamu.

Mwandikie msimamizi wake, nusu ukurasa inatosha: "Tarehe fulani faili langu liliandikwa 'anadai ana usonji'. Uthibitisho wa mtaalamu nimeuambatanisha. Naomba maandishi hayo yarekebishwe, au maelezo yangu yawekwe pembeni yake, na nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 14." Usimtukane mtu humo. Wala usiambatanishe majibu ya dodoso la mtandaoni. Dodoso huonyesha tu kama mtu anafaa kuchunguzwa, na ndilo watakalolishikilia kukukatalia.

Kishawishi kikubwa ni kuzidisha dalili mbele ya mhudumu huyo ili asadiki. Hapo utajiharibia, maana akishtukia igizo hata ya kweli atayatilia shaka. Afadhali kwa wiki mbili uandike mistari miwili kila wanapoondoka: walikaa muda gani, nini kilikuchosha (taa, watu wawili kuongea kwa pamoja, sura mpya mlangoni bila taarifa), na ulichukua saa ngapi kurudi katika hali yako. Kutokana na hayo utajua la kuomba: ujumbe wa simu siku moja kabla zamu haijabadilika, swali moja kwa wakati, kisha anyamaze mpaka ujibu. Maombi kama hayo yakiingia kwenye mpango wako wa huduma, atayafuata hata kama moyoni hasadiki.

Akirudia maneno yake, mwambie, "Hilo liko kwa msimamizi. Leo tunaanza na lipi?"

Wakikuitia kikao, omba ajenda mapema na uende na mtu wa kuandika yanayosemwa. Wewe hutaweza kusikiliza, kujibu na kuandika kwa pamoja. Siku 14 zikipita kimya, peleka barua ileile ngazi ya juu ya msimamizi, na nakala ya ile ya kwanza nyuma yake.