Uliza Kocha: Kweli Fury aliibiwa kule Riyadh?

SWALI: Kocha habari yako. Mimi na shemeji yangu hatujaelewana tangu lile pigano la marudiano la mabondia wa uzito wa juu, Oleksandr Usyk na Tyson Fury, Desemba 2024. Yeye anasema Fury aliibiwa mchana kweupe. Mimi nasema Usyk alishinda, lakini majaji wote watatu kutoa 116-112 sawasawa, hiyo si ni kama walipatana? Wewe uliona aje? Na mbona watu wawili wanakaa kwa kochi moja wakitazama TV moja na kila mtu anaona pigano lake? – Shabiki, Umoja

JIBU: Shabiki, msalimie sana shemeji na umwambie hayuko peke yake, Fury mwenyewe alitoka pale akisema alishinda kwa raundi tatu hivi ama zaidi. Mimi niliona Usyk. Nilimpa raundi saba na Fury tano, yaani 115-113 (anayeshinda raundi hupewa 10, mwenzake kwa kawaida 9), na mtu akiniletea 116-112 siwezi kugombana naye juu tofauti yetu ni raundi moja tu. Hapo ndipo watu wengi hupotea. Unaona 116-112 kwa skrini unadhani mtu alichapwa vibaya, kumbe ni raundi nane kwa nne, na kwa pigano la raundi 12 ukichukua raundi mbili zile za kubahatisha ukampa mwenzake, tayari ni sita kwa sita na ni sare.

Hiyo ya kupatana, hapana. Kila jaji anakaa upande wake wa ulingo, raundi ikiisha anaandika, karatasi inachukuliwa, hawezi kurudi raundi ya kumi aseme ngoja nibadilishe ile ya nne. Na jumla kufanana haimaanishi raundi zote zilifanana, mmoja anaweza kumpa Fury ya tatu na mwingine ampe ya tano na mwishowe wote wakatoka na nane kwa nne.

Sasa kwa nini shemeji aliona Fury. Nadhani nalijua jibu, juu nimekaa na mashabiki wengi wa Fury hapa Nairobi na wote wanaongea kitu kimoja: "alimuonea kwa mwili." Ni kweli Fury alipimwa akiwa karibu kilo 127 na Usyk kilo 102 na kitu, hiyo tofauti ni nusu mfuko wa simiti! Mtu mkubwa hivyo akitupa ngumi hata ikikosa inaonekana ni kazi, jukwaa linapiga kelele, mtangazaji naye anapandisha sauti, na wewe kwa kochi umeshaandika pointi kichwani. Lakini rudia ile video polepole. Raundi za kwanza sawa, Fury alitumia urefu wake, akarusha zile ngumi za kutoka chini na zingine ziliingia, hizo mpe. Kuanzia katikati, uangalie mkono wa kushoto wa Usyk tu, usiangalie kitu kingine. Unafika. Unafika tena. Na Fury anarudi nyuma akitafuta nafasi ya kupumua. Waliohesabu ngumi walimpa Usyk 179 zilizofika kati ya 423, Fury 144 kati ya 509, kumaanisha ngumi 365 za Fury ziliishia hewani ama kwa mikono na mabega, na jaji hatoi pointi kwa jasho. Jaji anatafuta kwanza ngumi safi iliyofika, halafu ushambulizi wenye matunda, nani anatawala ulingo na nani anajikinga vizuri, lakini raundi ikiwa ngumu ni ile ngumi safi ndiyo inaamua.

Pia mjue hasira ya watu wa Fury ilianza kitambo. Pigano la kwanza, Mei 18, 2024, majaji waligawanyika, wawili wakampa Usyk kwa 115-112 na 114-113, wa tatu akampa Fury 114-113. Raundi ya tisa Fury aliyumba akabebwa na kamba, refa akamhesabia, akapoteza pointi ya ziada. Fanya hesabu bila hiyo pointi: jaji mmoja ana Usyk 115-113, mwingine ana Fury 115-113, wa tatu ana 114-114. Sare kabisa! Kwa hivyo mashabiki wake waliingia Desemba wakiamini wanadai. Mtu anayedai haoni raundi vizuri.

Kulikuwa hata na jaji wa kompyuta, wa majaribio tu, kadi yake haikuhesabiwa, naye alimpa Usyk 118-112. Mimi simtegemei huyo, lakini shemeji asikie.

Mkitaka kumaliza maneno, wekeni video tena, zimeni sauti kabisa, kila mtu na kikaratasi chake, raundi ikiisha mnaandika kabla kengele ya inayofuata haijalia na hakuna kufuta. Kisha ndiyo mlinganishe, raundi kwa raundi, si kwa jumla.

SWALI: Kocha, kwa hivyo hakuna kitu kama kuibiwa? – Kijana wa Buruburu

JIBU: Kuko, tena sana. Machi 13, 1999, New York, Lennox Lewis na Evander Holyfield. Lewis alifikisha ngumi 348, Holyfield 130, na uamuzi ukawa sare, jaji mmoja akiwa amempa Holyfield 115-113. Raundi ya tano Lewis alimchapa mwenzake kwa kamba mpaka watu wakasimama, na huyo jaji akampa Holyfield hiyo raundi. Hiyo mimi hubisha mpaka leo. Waliporudiana Novemba mwaka huohuo Lewis alishinda kwa majaji wote, na ajabu ni kwamba hilo la pili ndilo lilikuwa karibu zaidi. Sasa weka 348 kwa 130 kando ya 179 kwa 144 ndiyo uone kwa nini neno wizi nalilinda.

SWALI: Kocha shikamoo. Kijana wangu alishindwa kwa pointi, majaji watatu dhidi ya wawili, na sasa anasema anaacha ndondi. Nimwambie nini? – Mama wa bondia, Mathare

JIBU: Marahaba mama. Pole kwake, 3-2 inauma kuliko kuangushwa. Mwambie Philip Waruinge wetu alipoteza fainali ya Olimpiki ya Munich 1972 kwa 3-2 hiyohiyo, akarudi na fedha, baadaye akaenda Japani akacheza ndondi za kulipwa. Lakini pia kuna kazi. Ndondi za ridhaa ni raundi tatu tu, kijana akianza polepole akapoteza ya kwanza, lazima azipate mbili zote zilizobaki, hana raundi kumi za kujitafuta kama Fury. Kama kuna mtu alirekodi pigano kwa simu, akae na kocha wake waangalie ile dakika ya kwanza ya raundi ya kwanza, alikuwa anafanya nini na mikono yake. Aje mazoezini Jumatatu na hiyo video.