Mimea Yangu Haikufa kwa Kiu

Wiki iliyopita dada mmoja anayesoma makala zangu alinitumia picha ya nyanya zake. Majani ya chini yamegeuka njano, ya juu yamelegea mchana kweupe. Akaandika: "Kaka, namwagilia asubuhi na jioni, bado zinanyauka. Niongeze mchanga au niweke kokoto?" Nikamwomba picha ya udongo wenyewe, karibu kabisa na shina. Ilipofika nikauona ule ukoga wa kijani unaoteleza, umetanda juu ya tuta lote. Nilishtuka, maana ilikuwa kama naitazama bustani yangu ya miaka mitatu nyuma.

Nilimjibu kwa ufupi: leo usimwagilie. Maelezo marefu ndiyo haya, na najua wako wengi wanaoyahitaji, kwa sababu kila anayelima nyuma ya nyumba anatamani lile lile ninalotamani mimi, kutoka mlangoni na kuchuma chakula alichokiotesha kwa mkono wake.

Nilipohamia nyumba hii nilipanda haraka. Pilipili hoho, nyanya, na mlimau mmoja kwenye kona. Mwezi wa pili pilipili zikaanza kulegea. Nikaongeza maji. Zikalegea zaidi, nikaongeza tena. Laiti mtu angeniambia mapema kwamba mmea uliozama maji hunyauka sawasawa na mmea wenye kiu! Mizizi inapumua. Vile vinafasi vidogo ndani ya udongo vikijaa maji, hewa haina pa kukaa, na oksijeni hupenya kwenye maji polepole mara elfu kumi kuliko inavyopenya hewani. Mzizi uliokosa hewa hushindwa hata kuyanyonya maji yaliyouzunguka. Kwa hiyo majani yanakauka juu huku chini kuna tope.

Siku niliyojua, niling'oa mche mmoja wa pilipili. Ulitoka bila kushindana. Nikaubana mzizi kwa vidole viwili na ngozi yake ikatoka yote kama soksi, ukabaki uzi mwembamba mweupe. Shimo lilinuka yai viza. Udongo wa chini ulikuwa wa kijivu wenye madoa ya kutu. Ile harufu hutokana na bakteria wanaoishi mahali pasipo hewa, na ile rangi ya kijivu ni dalili kwamba pamejaa maji muda mrefu. Ukikutana na hivyo viwili, acha kutafuta dawa ya wadudu.

Sasa niseme jambo lililoniuma. Ndugu yangu mmoja alisimama pale pale, mbele ya wageni, akasema, "Wewe mimea haikukubali." Watu wakacheka. Mimi niliingia ndani. Nilikaa na neno lile misimu miwili, na hata leo nikilikumbuka linachoma. Nawe kama umewahi kuambiwa hivyo, usikubali. Hakuna binadamu asiyekubaliwa na mimea. Kuna ardhi isiyopitisha maji, basi.

Kwa uchungu ule nikaanza kununua tiba. Kwanza mchanga, gunia kwa gunia, nikauchanganya na udongo wa bustani yangu, ambao ni mfinyanzi, ule udongo mzito unaonata. Jua lilipokuja tuta likawa gumu kama tofali, jembe likadunda. Chembe ya mfinyanzi ni ndogo kuliko milimita 0.002, ya mchanga huweza kufika milimita 2. Ukichanganya mchanga kidogo, zile ndogo zinajipenyeza katikati ya zile kubwa na kuziba kila upenyo. Ungehitaji mchanga mwingi kuliko udongo wenyewe ndipo uone tofauti.

Kisha akaja fundi wa bustani. Alisema tuchimbe shimo refu la mlimau mpya, tumwage kokoto chini "ili maji yakakae huko". Nilimlipa, nikamshukuru, na baada ya miezi minne nikaukata mti uliokauka. Maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka ule udongo wa juu uwe umelowa hadi mwisho, yaani mizizi inaendelea kuoga. Isitoshe, shimo katikati ya mfinyanzi ni bakuli. Tuliupanda mlimau ndani ya bakuli. Sijamsahau fundi yule.

Kilichonifungua macho hakikunigharimu kitu. Nilichimba mashimo matatu, kila moja sentimita 30 kwenda chini na 30 upana, nikayajaza maji, nikayaacha yanywe usiku mzima, asubuhi nikajaza tena na kupima kwa rula kila baada ya saa moja. Udongo mzuri hushusha maji kama sentimita 2.5 hadi 7.5 kwa saa. Shimo langu la mbali lilishusha 4. La katikati 2. La karibu na ukuta, kule kwenye kona ya mlimau, halikufika hata 1. Uwanja ule ule, udongo ule ule! Nikajua hapa kuna kitu zaidi ya mfinyanzi.

Nilichoma nondo ardhini. Kule mbali ilizama vizuri, karibu na ukuta ikagota sentimita 15 chini, kwa sababu wakati wa ujenzi malori yalipita pale na kuishindilia ardhi. Kisha mvua ikanyesha nami nikatoka na mwavuli kuangalia tu. Gata la paa lilikuwa linamwaga maji yote kwenye kona ile. Fanya hesabu pamoja nami: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Upande ule wa paa una mita za mraba 50. Mvua ya milimita 20 inaleta lita 1,000, tani nzima, juu ya mti mmoja.

Toka nje mvua ikinyesha. Narudia, toka nje. Usinunue gunia wala usimwite mtu kabla hujayaona maji kwa macho yako, yanakotoka na yanakokwama.

Kazi yenyewe sitaisimulia sana, kuchimba ni kuchimba. Gata nililigeuzia kwenye tangi. Palipogota nikapavunja kwa sururu. Kisha nikachimba mtaro wenye kina cha sentimita 50, nikalaza bomba lenye matundu ndani ya kokoto, vyote vimefungwa kwa kitambaa kinachopitisha maji na kuzuia udongo. Mtindo huu ulienezwa na Henry French wa Massachusetts katika kitabu chake cha mwaka 1859, na bado unafanya kazi. Mteremko nilioupa ni sentimita 1 kwa kila mita, kwa kamba na pima maji. Usikadirie kwa macho, macho yanadanganya. Na usiyaelekeze maji kwa jirani wala kwenye msingi wa nyumba, utakuwa umehamisha tatizo na kuongeza ugomvi.

Juu ya hapo nikainua matuta ya sentimita 30 yenye mboji nyingi. Mboji ndiyo inayoufanya mfinyanzi ushikane mabonge madogo yenye nafasi kati yake, na kila msimu naongeza. Matuta hayo hayakanyagwi na mtu yeyote, hata mtoto. Na siulimi udongo ukiwa umelowa. Naufinyanga kiganjani, nikiugusa bonge likasambaratika nalima, likibaki kama udongo wa chungu narudisha jembe ndani. Kulima mfinyanzi mbichi ni kuharibu kwa saa moja ulichokijenga mwaka mzima. Nisikilizeni katika hili hata kama hamtasikiliza mengine.

Mlimau wa tatu umechanua mwezi huu. Ndugu yangu alipokuja aliutazama, hakusema kitu, na mimi sikumkumbusha.

Dada wa nyanya aliandika tena jana usiku. Amechimba shimo lake, maji yameshuka sentimita moja na nusu kwa saa, na alipozunguka nyumba na tochi amekuta bomba la sinki la kufulia linamwagia nyuma ya tuta. Nimemwambia mchanga na kokoto aviache, aanze na bomba hilo.