Weye wa Gombani, hiyo sindano ya goti ya kesho USICHOMWE

Weye ulouliza jana kuhusu pampu ya pumu, sindano ya goti na viatu vya kukimbilia lami, sindano hiyo iache kwanza! Eti "dakta kaniandikia kwa hivyo si doping", yaani si dawa zilokatazwa michezoni. Nani kakwambia? Mie alonambia maneno hayo hayo alikuwa dakta mwenye vyeti ukuta mzima, na mwalimu wangu kakaa pembeni anaitikia kichwa kama mjusi kafiri.

Mgongo ulikuwa ukiniuma. Dakta kanichoma triamsinoloni ya tako, dawa ya jamii ya kotizoni ya kutuliza uvimbe, kasema wiki moja yatosha kutoka mwilini, mgongo ukapoa nikajiona Filbert Bayi. Haijatimia miezi miwili nikapimwa mkojo baada ya mbio, na kwenye fomu nikaiandika sindano mwenyewe kwa herufi kubwa, nikidhani nafanya uungwana. Kumbe fomu si ruhusa na cheti cha dakta si ruhusa, dawa ikionekana kwenye mkojo wako ni yako, nani kakutia watauliza baadae. Nikafungiwa miaka miwili! Yeye yupo kliniki yake anachoma watu, mie hata kuwashikia wenzangu saa pale uwanja wa Amani siruhusiwi, anaefurahi ni mke wangu tu kapata mkuna nazi.

Wiki moja, wallahi! Dawa ile ya tako inahesabiwa siku 60 mpaka itoke mwilini, ndani ya goti siku 10, na tangu Januari 2022 sindano zote za jamii ya kotizoni ni marufuku kipindi cha mashindano, popote utapochomwa. Na usiseme haya ya watu wadogo, Andreea Răducan, yule msichana wa Romania wa jimnastiki, Olimpiki ya Sydney 2000 kidonge cha mafua kapewa na dakta wa timu, dhahabu ikenda.

Kwa hivyo karatasi KWANZA, sindano baadae. Inaitwa TUE, ruhusa ya kutumia dawa ilokatazwa kwa ajili ya matibabu, iombwe angalau siku 30 kabla ya mashindano, na dakta aeleze ugonjwa, jina la dawa, kipimo, inaingia wapi, na kwa nini dawa nyengine zisizokatazwa hazikufai. Akikwambia hana muda wa kuandika, basi na weye huna goti la kumpa.

Pampu kama ni salbutamol usijali, mivuto sita ya maikrogramu 100 ndani ya saa 8 imo kwenye kiwango kinachoruhusiwa, usizidishe tu. La tatu, la viatu, siku nyengine.

Mpigie dakta usiku huu huu umuulize jina la dawa, kisha njoo uliandike hapa.