Muulize na anamezea nini

Mdogo wangu unayeanza kazi ya kutoa dawa hapa Mbeya, mimi nilichelewa kujifunza kumuuliza mteja anameza saa ngapi, na anamezea nini.

Chukua vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma. Mama mjamzito kutoka Rungwe alinijia mara ya tatu. Hakuruka kidonge hata siku moja, lakini kila akipimwa, damu haijapanda. Nikamuuliza anamezea nini. "Chai, mwanangu. Asubuhi kuna kingine?" Majani ya chai yana kemikali zinazoyashika madini ya chuma tumboni kabla hayajaingia mwilini, na kuweka maziwa hakusaidii. Nikamwomba amezee maji, chai aisogeze mbele saa moja au mbili, na akipata chungwa ale papo hapo, kwa kuwa vitamini C husaidia chuma kuingia. Usimwambie mtu wa Rungwe au Mufindi, kwenye mashamba ya chai, aache chai. Hakuna haja, na hatakusikiliza.

Siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, nayo haimezewi maziwa wala mtindi. Kalisiamu iliyomo huishika dawa tumboni, sehemu yake ikapita bila kufanya kazi. Vidonge vya chuma na zinki hufanya vivyo hivyo.

Panapohitaji moyo zaidi ni kwenye ARV, dawa za kufubaza VVU. Nyanda zetu hizi zina wagonjwa wengi: utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 uliikuta Njombe na asilimia 12.7 ya watu wazima wanaoishi na VVU, juu kuliko mkoa mwingine wowote. Wengi wanameza TLD, kidonge kimoja chenye dawa tatu za VVU, na mojawapo, DTG (dolutegravir), hushikwa na kalisiamu, chuma na dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini. Mgonjwa anameza kwa uaminifu kila siku, huku dawa inayoingia kwenye damu ni pungufu. Jambo hili huniuma.

Sasa utamuulizaje, na nyuma yake wamepanga foleni watu watatu, mmoja wao jirani yake? Mwanzoni niliuliza waziwazi kama mteja anatumia ARV. Dada mmoja akaacha kalisiamu yake mezani akaondoka. Hakurudi tena, na kosa lilikuwa langu. Tangu hapo kila anayenunua kalisiamu, chuma au dawa ya kiungulia namwambia maneno yaleyale, awe bibi au kijana: "Kama kuna dawa yoyote unayomeza kila siku, hiyo itangulie saa mbili kabla ya hii, au isubiri saa sita baada yake." Hakuna anayejiona amenyooshewa kidole. Mwenye TLD akija pembeni kuuliza zaidi, mweleze kwamba kalisiamu au chuma anaweza kumeza pamoja nayo iwapo anakula chakula wakati huohuo. Dawa ya kiungulia haina nafuu hiyo. Saa zake zifuatwe.

Mjamzito anayepewa SP, dawa ya kuzuia malaria, kliniki usimuuzie vitamini ya foliki asidi ya miligramu 5. Kiasi hicho huipunguzia SP nguvu dhidi ya malaria. Ile ya miligramu 0.4 iliyomo kwenye vidonge vya kliniki haina shida.

Halafu andika saa kwenye bahasha ya dawa, kwa kalamu, herufi kubwa: KIDONGE SAA 2, CHAI SAA 4. Mama yule wa Rungwe alirudi na bahasha yake imekunjwa vizuri ndani ya kadi ya kliniki, akaniomba nimwandikie nyingine kwa ajili ya mkwewe.